MACHO MAWILI, UWANJA MMOJA
Samaki wadogo wafichua jinsi jicho linavyoumbwa

Samaki mzima anapopikwa nyumbani na chungu kikaepuliwa, hakosekani mtoto mmoja atakayegombea kichwa. Atakichokoa chote, na mwisho atalifikia jicho, na ndani ya jicho atakuta kitu kidogo cha mviringo, cheupe na kigumu mfano wa ushanga. Wengine hukitafuna, wengine huenda nacho nje wakakichezea. Samaki alipokuwa hai, kitu hicho hakikuwa cheupe hata kidogo. Kilikuwa kiangavu kama tone la maji, na kazi yake ilikuwa kukusanya nuru na kuielekeza kwenye utando wa nyuma ya jicho. Ni moto wa jikoni uliokibadili, kama unavyoubadili ute wa yai. Wataalamu hukiita lenzi. Msomaji na akiweke akilini kiushanga hicho, kwani mbele katika makala haya tutakirudia.

Swali letu la leo ni hili: jicho hutoka wapi? Yai la samaki halina jicho ndani yake. Lakini baada ya siku chache tu hutoka humo kisamaki chenye macho mawili yaliyo sawasawa, moja kila upande wa kichwa, nayo yanaona. Ni nini kilichoziamuru seli zile chache ziwe jicho, na ni nini kilichoziambia kwamba macho yawe mawili wala si moja?

Swali hilo si la wavuvi wala la wataalamu peke yao. Liko majumbani mwetu pia. Mara chache, lakini si mara moja wala mbili, mtoto huzaliwa bila macho, au ana macho madogo mno, au ana jicho lisilo na ile duara ya rangi inayoizunguka mboni. Hapo minong'ono huanza hata kabla mzazi hajainuka kitandani. Mama alikula nini? Alimcheka kipofu gani? Nani kamtupia jicho baya? Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba minong'ono ya namna hiyo humwumiza mama kuliko uchungu wa kuzaa, na kwamba dawa yake moja ni kujua jinsi jicho linavyoumbwa hasa.

KWA NINI SAMAKI?

Kwa binadamu dalili za kwanza za macho huonekana kwenye siku ya 22 hivi baada ya mimba kutungwa. Wakati huo kiinitete ni kidogo kuliko punje ya mchele, na mama mwenyewe aghalabu hajajua kuwa ni mjamzito. Pengine ndiyo kwanza ameanza kuhesabu siku zilizopita. Hakuna awezaye kuchungulia humo na kutazama kazi ikifanyika. Kwa hiyo wataalamu walitafuta kiumbe mwenye uti wa mgongo ambaye hulelewa nje ya tumbo la mama, mahali peupe.

Walimpata katika vijito na mashamba ya mpunga ya India, Nepali na Bangladeshi. Ni samaki mdogo, urefu wake sentimita nne hivi, mwenye milia ya buluu ubavuni, na kwa ajili ya milia hiyo huitwa samaki punda-milia. Jike mmoja huweza kutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja. Kila yai ni dogo kuliko milimita moja, nalo ni angavu kama kioo, hata mtu akiliweka chini ya hadubini ataona kila kitu kinachotendeka ndani bila ya kulipasua. Aliyefungua njia ya kumtumia samaki huyu katika elimu ya urithi ni George Streisinger, mzaliwa wa Budapest, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani. Baada yake, mwaka 1996, makundi mawili ya watafiti, moja la Christiane Nüsslein-Volhard mjini Tübingen, Ujerumani, na jingine la Wolfgang Driever mjini Boston, yalitangaza mamia ya samaki wenye kasoro mbalimbali za kurithi. Kila kasoro ilikuwa mlango wa kuingilia katika jeni fulani. Baadhi ya kasoro hizo zilikuwa za macho.

Tulitazame sasa yai moja, likiwa katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 28 na nusu. Saa moja baada ya kurutubishwa, seli zake zinagawanyika kila robo saa. Kufikia saa ya kumi, seli zimekwisha kukifunika kiini chote kama kitambaa kinavyofunika mpira, na sehemu ya mbele, mahali patakapokuwa na ubongo, pana kiwanja kimoja cha seli kilichotanda kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia, kikiuvuka mstari wa katikati. Kwa macho tu hakitofautiani na seli jirani. Hicho ndicho uwanja wa jicho. Tafadhali msomaji atambue neno hilo “kimoja”: macho yote mawili huanzia mahali pamoja.

Saa mbili hivi baadaye vinatokeza vivimbe viwili, kimoja kila upande wa ubongo, kama mabawa. Ncha ya kila bawa inapofika chini ya ngozi, inabonyea ndani ikawa mfano wa kikombe, na ngozi iliyo mbele yake inanenepa, inaviringika, na kuwa lenzi. Ikitimia saa ya 24, yaani siku moja tu, kikombe kipo, lenzi imo ndani yake, na moyo umeanza kudunda. Siku ya pili au ya tatu kisamaki kinaangua. Siku ya tano kinaviwinda vidudu vya majini kwa kuviona.

JENI NI MSIMAMIZI WA UJENZI

Wengi wetu tukisikia neno jeni hudhani kwamba ndani ya seli mna picha ndogo ya jicho iliyohifadhiwa. La hasha. Jeni ni agizo la kutengeneza protini fulani, na ziko jeni ambazo protini zake kazi yake ni kuziwasha na kuzizima jeni nyingine. Hizi ni kama fundi mkuu katika ujenzi wa nyumba. Yeye hapigi udongo wala habebi maji. Lakini asipofika asubuhi, vibarua wote husimama, au hufanya kazi isiyotakiwa.

Katika uwanja wa jicho la samaki, fundi mkuu mmojawapo ni jeni iitwayo rx3. Wako samaki punda-milia ambao jeni hiyo imeharibika, na watafiti wamewapa jina la chokh, neno ambalo kwa Kibengali maana yake ni jicho. Viumbe hawa wana kichwa, mdomo na mapezi, lakini mahali pa macho ni patupu. Nchini Japani yuko samaki mwingine mdogo wa mashamba ya mpunga, aitwaye medaka, na kwake pia kuharibika kwa jeni hiyo kumeleta kizazi kisicho na macho. Huyo wa medaka ana ajabu yake: kasoro hujitokeza au hujificha kwa kufuata joto la maji ambamo yai limelelewa.

Je, seli zile zilizopasa kuwa jicho zilikwenda wapi? Mwaka 2006 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, akiwamo Martina Rembold na Joachim Wittbrodt, walizifuata seli za medaka mojamoja kwa hadubini zilipokuwa zikitembea. Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba ukuta wa ubongo hujivimbisha wenyewe kwa nje kama puto. Wakaona sivyo. Kila seli ya jicho hutembea kwa safari yake yenyewe: hujikusanya kuelekea katikati, kisha hugeuka na kwenda nje, ikijipenyeza kati ya wenzake. Penye kasoro ya rx3, seli hizo hazikugeuka. Zilishika njia ya seli za ubongo wa mbele, zikabaki humo. Hazikufa, zilikosa tu wa kuziambia kwamba safari yao ni nyingine.

Rx3 haiko peke yake. Ziko Six3, Pax6, na nyingine kadhaa, na zinategemeana kama jamaa katika shughuli ya harusi, hata si rahisi kusema nani mwenye shughuli. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba kiinitete cha medaka kikiongezewa Six3 kupita kiasi, utando wa kupokea nuru huota hata mahali pasipo pa jicho. Na mwaka 1995, Walter Gehring na wenzake huko Basel, Uswisi, walikuwa wamekwisha kuushangaza ulimwengu kwa kuiwasha jeni ya aina ya Pax6 kwenye mguu wa nzi, jicho likamea mguuni. Hata ya panya ilipotumiwa, nzi aliota jicho. Jicho la nzi lakini, si la panya. Agizo ni lile lile, mafundi ndio mbalimbali.

JINSI UWANJA UNAVYOGAWANYWA

Tumesema uwanja ni mmoja. Basi ni nini kinachougawa?

Kidokezo cha kwanza kilipatikana zamani sana. Mwaka 1907, Charles Stockard, akifanya kazi na mayai ya samaki wa pwani huko Woods Hole, Marekani, aliyatia katika maji ya bahari yaliyoongezwa chumvi ya magnesi. Viinitete vingi viliota jicho moja katikati ya uso. Huyo si chongo kama tunavyomjua sisi, maana chongo alikuwa na mawili akapoteza moja. Kiumbe huyu hakupata kuwa na mawili kamwe. Baadaye Stockard aliona kwamba pombe nayo huweza kuleta madhara ya namna hiyo kwa mayai ya samaki.

Ilichukua karibu karne nzima kupata maelezo. Chini ya uwanja wa jicho, kwenye mstari wa katikati ya kichwa, hupita kundi la seli zinazosonga mbele zikitoa ishara. Moja ya ishara hizo hutokana na jeni yenye jina la kuchekesha. Jamaa yake wa kwanza aligunduliwa kwa nzi, ambaye kiluwiluwi chake chenye kasoro kilijaa vijiba kama kalunguyeye, nao wakaiita hivyo hivyo kwa Kiingereza. Ilipopatikana kwa wanyama wenye uti wa mgongo, wakaiongezea jina la kalunguyeye wa mchezo wa watoto, Sonic. Kwa kifupi huandikwa Shh. Wataalamu nao wana mizaha yao.

Kazi ya Shh hapo katikati ni kusema: hapa pasiwe na jicho. Seli zinazoisikia kwa nguvu huacha kuwa jicho, zikawa shina lake, mahali pa kupitia mshipa wa fahamu uendao ubongoni. Zilizo mbali, kushoto na kulia, haziisikii sana, nazo huendelea kuwa macho. Ndivyo mmoja unavyokuwa miwili. Ishara ikikosekana, uwanja haugawanyiki, na kiumbe hupata jicho moja. Samaki punda-milia wa kizazi kiitwacho cyclops wana jicho la namna hiyo, ingawa kilichoharibika kwao ni jeni nyingine, inayohitajika ili seli zile za katikati ziwepo na kufanya kazi yake. Na mwaka 1996 ilithibitika kwamba panya asiye na Shh huwa na kasoro iyo hiyo.

Wafugaji wa kondoo wa jimbo la Idaho huko Marekani walikwisha kuyaona haya bila kujua sababu. Katika miaka ya 1950 waliwapata wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya paji la uso. Uchunguzi ulionyesha kwamba mama zao walikuwa wamekula mmea fulani wa porini karibu na siku ya 14 ya mimba. Sumu ya mmea huo ikapewa jina la saiklopamini, na mwaka 1998 ikajulikana inachofanya: huziba masikio ya seli, kwa kusema hivyo, zisiisikie Shh. Mmea ule ule ukiliwa wiki kadhaa baadaye hauleti jicho moja. Saa ya kugawa uwanja imekwisha kupita.

SAMAKI WA PANGONI

Kama uchache wa ishara hiyo ni hatari, wingi wake je? Jibu liko Meksiko, ndani ya mapango ambayo jua halijapata kuingia. Mle huishi samaki aitwaye Astyanax mexicanus. Ndugu zake walio katika mito ya nje wana macho makubwa mazuri. Wa pangoni ni weupe, na mahali pa jicho pamefunikwa ngozi. Hata hivyo ni jamii moja, na wakikutanishwa huzaana.

La kustaajabisha ni kwamba kiinitete cha pangoni huanza kuumba macho. Uwanja upo, kikombe kipo, lenzi ipo. Kisha, mara baada ya siku ya kwanza, seli za lenzi zinaanza kujiua. Jicho linaacha kukua, linadidimia, na ngozi inalifunika. Kwa nini kujenga nyumba ili kuibomoa?

Mwaka 2000, Yoshiyuki Yamamoto na William Jeffery wa Chuo Kikuu cha Maryland walifanya jaribio ambalo fundi wa saa angelihusudu. Walitoa lenzi, kile kiushanga chetu cha chunguni, katika kiinitete cha samaki wa mtoni, wakaipandikiza katika kiinitete cha pangoni, upande mmoja tu. Samaki yule alikua akiwa na jicho kubwa upande uliopandikizwa, na upande wa pili hana kitu. Walipofanya kinyume, wakitia lenzi ya pangoni kwa samaki wa mtoni, jicho la upande huo lilinyauka. Ikawa dhahiri kwamba lenzi si kioo tu cha kupitisha nuru. Hulilea jicho zima.

Mwaka 2004 ikajulikana chanzo. Kiinitete cha pangoni hutoa Shh katika eneo pana zaidi hapo katikati ya kichwa. Samaki wa mtoni alipotiliwa Shh ya ziada, lenzi yake nayo ilikufa. Na ziada hiyo haikuwa hasara tupu: ishara iyo hiyo huongeza ukubwa wa taya na wingi wa vionjio vya ladha mdomoni. Kiumbe aishiye gizani, ambaye jicho ni mzigo kwake, amepata mdomo wa kumtafutia riziki. Hayo ni maoni ya watafiti, nasi tunayaona yana mantiki.

Hadithi yao ina sehemu moja zaidi. Richard Borowsky wa Chuo Kikuu cha New York aliwaoza samaki vipofu wa pango moja kwa vipofu wa pango jingine lililo mbali. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 2008 yalikuwa kwamba baadhi ya watoto wao walizaliwa wanaona! Jeni zilizoharibika katika pango hili si zile zilizoharibika katika pango lile, hivyo kila mzazi alimfidia mwenzake alichokosa.

Bara letu nalo lina samaki wa namna hii. Katika mapango ya Mbanza-Ngungu, magharibi ya Kongo, yuko samaki kipofu mwenye ngozi isiyo na rangi, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1921 na kupewa jina la Caecobarbus geertsii. Ni wa kundi moja kubwa na samaki punda-milia. Sheria humlinda tangu zama za ukoloni.

KUTOKA MAYAI YA SAMAKI HADI CHUMBA CHA UZAZI

Jeni tulizozitaja zimo ndani yetu pia, kwa majina yale yale au yanayokaribiana. Mtoto mwenye nakala moja tu nzima ya PAX6 huzaliwa bila ya ile duara ya rangi ya jicho, na mwanga mkali humsumbua sana. Jeni ya binadamu iliyo jamaa ya rx3, yaani RAX, ikiharibika nakala zote mbili, macho huweza kukosekana. Inayoongoza kwa kuleta watoto wasio na macho au wenye macho madogo mno, miongoni mwa sababu za kurithi zinazojulikana, ni SOX2. Na hapa akina mama na akina baba wasome taratibu: aghalabu kasoro ya SOX2 haikutoka kwa baba wala kwa mama. Hutokea upya, katika yai au mbegu iliyomzaa mtoto huyo, kama kosa la mwandishi anayenakili kitabu kirefu mno. Hakuna aliyekula kitu, hakuna aliyemcheka mtu.

Ziko pia sababu za nje. Mwaka 1941 daktari Norman Gregg wa Sydney, Australia, alitambua kwamba watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho walikuwa wa mama waliougua rubela mapema katika mimba. Ni ugonjwa wa vipele ambao wengi huuchanganya na surua, na sasa una chanjo yake, inayotolewa kabla ya kushika mimba. Mwaka 1933 Fred Hale wa Texas alimnyima nguruwe jike vitamini A, naye akazaa watoto 11, wote hawana macho. Mboga za majani, maembe, papai na mawese mekundu hutosheleza haja hiyo kwa usalama. Vidonge vyenye nguvu vya vitamini hiyo, pamoja na dawa za chunusi za jamii yake, ni hatari kwa mimba, kwa kuwa ziada nayo huvuruga maagizo.

Kuhusu pombe, mwaka 1998 ilionyeshwa kwa samaki punda-milia kwamba huzizuia seli zile za katikati zisisonge mbele kwa wakati wake, na macho huishia kusogeleana au kuungana. Vipimo vilivyotumika ni vikubwa, wala si haki kuvilinganisha na bilauri moja ya mnywaji. Hata hivyo macho madogo ni miongoni mwa alama zinazoonekana kwa watoto wa mama wanywaji sana, na daktari hawezi kumtajia mjamzito kipimo kilicho salama.

Mtoto akiwa amezaliwa bila jicho, hakuna dawa ya kulirudisha. Lakini mzazi asimfiche ndani. Mifupa ya uso hukua kwa kusukumwa na jicho lililomo, na tundu likiachwa tupu, upande huo wa uso hudumaa. Kwa hiyo madaktari bingwa wa macho hutia humo kibonge kidogo cha plastiki laini, na hukibadili kwa kikubwa zaidi kadiri mtoto anavyokua, mpaka afikie umri wa kuvaa jicho la bandia. Kazi hiyo hufaa ianze katika wiki za kwanza za maisha, wakati mifupa ingali laini.